Kurahisisha sehemu mpaka mwisho: mwongozo kamili, kuanzia sado ya sokoni mpaka zile namba zinazogoma

Wadau habari za saa hizi. Huu mwongozo ni kwa wazazi mnaokaa na watoto jioni kwenye homuweki, ni kwa vijana wa darasa la tano mpaka la saba wenyewe, na ni kwa yeyote aliyemaliza shule zamani afu sahivi mtoto anamletea daftari limeandikwa "rahisisha 51/68" na yeye anabaki anakodoa macho. Nafundisha tuisheni hapa Moshi na naweza kuwaambia kitu kimoja, watoto wengi hawashindwi kurahisisha, wanashindwa kujua wamalizie wapi. Wanagawa kwa 2, wanagawa tena kwa 2, zikishakuwa namba zisizogawanyika kwa 2 wala 5 wanasema "mwalimu hii imegoma". Haijagoma. Kuna njia ya kujua kwa uhakika kabisa, bila kubahatisha, na ndo hiyo nataka mtoke nayo hapa.

Tuelewane kwanza tunafanya nini

Sehemu ina namba mbili, ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Kwenye 18/24 kiasi ni 18, asili ni 24. Kuirahisisha maana yake ni kuiandika kwa namba ndogo zaidi lakini thamani ibaki ileile.

Sasa hapo kwenye "thamani ibaki ileile" ndo watoto wengi wanapokea tu kama amri bila kuelewa. Twende soko la Mbuyuni au Kilombero. Una debe la mahindi, debe ni lita 20. Kopo la sado ni lita 4. Ukichota sado moja umechota lita 4 kati ya lita 20, yaani 4/20. Lakini ukiamua kuhesabu kwa sado badala ya lita, debe zima lina sado 5 na wewe umechukua 1, yaani 1/5. Mahindi ni yaleyale, hayajapungua hata punje, kilichobadilika ni kipimo ulichotumia kuhesabia (hapa nazungumzia sado iliyofutwa usawa wa mdomo jamani, ile yenye kilele na kile kilele kinavyojengwa ni mada ya siku nyingine).

Kwahiyo kurahisisha sehemu ni kutafuta kipimo kikubwa zaidi kinachoweza kupima namba ya juu na ya chini zote mbili bila kubakiza kitu. Hicho kipimo shuleni kinaitwa kigawo kikubwa cha shirika, kwa kifupi KKS. Ukishakipata unagawa juu, unagawa chini, umemaliza. Na sehemu ikiwa haina kipimo kingine zaidi ya 1 kinachoingia kote kote, hiyo ndo tunasema ipo kwenye hali yake rahisi kabisa.

Kanuni ni moja tu: unachofanya juu ndicho unachofanya chini, na ni kugawa tu (au kuzidisha), sio kutoa wala kujumlisha. 18/24 ukitoa 6 juu na 6 chini unapata 12/18 ambayo ni 2/3, wakati jibu la kweli ni 3/4. Tutakuja kutumia kutoa baadae ila kwa kazi nyingine kabisa, msichanganye.

Hatua ya 1: andika sehemu vizuri kabla hujaigusa

Hii ni fupi ila maksi nyingi zinapotelea hapa. Kama swali ni la maneno hakikisha vipimo vya juu na chini vinafanana. "Dakika 45 ni sehemu gani ya saa 2?" sio 45/2, badilisha saa kwanza, saa 2 ni dakika 120, kwahiyo 45/120 na mwisho wake ni 3/8. "Gramu 750 ni sehemu gani ya kilo 3?" ni 750/3000, inakuwa 1/4. Namba ya "kati ya" au "ya" ndo inakaa chini. Basi.

Hatua ya 2: ondoa vya wazi

Kabla ya kutumia akili nyingi ondoa vile vigawo vinavyoonekana kwa macho.

Sifuri za mwisho: 3,500/10,000 kata sifuri mbili juu na mbili chini, inabaki 35/100. Idadi ya sifuri unazokata lazima ilingane juu na chini, sababu kukata sifuri moja ni kugawa kwa 10, mbili ni kugawa kwa 100. Na ni sifuri za MWISHO tu. Kwenye 205/405 kuna sifuri katikati, hiyo usiiguse kabisa, sio ya kwako.

Kwa 2: zote mbili zinaishia na 0, 2, 4, 6 au 8, yaani ni namba shufwa. Moja ikiwa shufwa na nyingine witiri basi sahau 2.

Kwa 5: zote zinaishia 0 au 5. Ile 35/100 inakuwa 7/20. Na ile 205/405 inakuwa 41/81.

Kwa 3 na 9: hii ndo naipenda na watoto wanaisahau sana. Jumlisha tarakimu zake, jumla ikigawanyika kwa 3 basi namba nzima inagawanyika kwa 3, jumla ikigawanyika kwa 9 basi hata 9 inaingia. Mfano 5,895 ambao ni urefu wa Kilimanjaro kwa mita, 5+8+9+5 = 27, kwahiyo inaingia 3 na inaingia 9. Tena inaishia na 5. Mlima wetu una vigawo vingi tu.

Kwa 7 kuna sheria yake, ya kuchukua tarakimu ya mwisho unaizidisha kwa 2 unaitoa kwenye zilizobaki, ila kwa namba za shule ya msingi mimi naona ni haraka zaidi kugawa tu ukaona kama kuna baki. Usimjaze mtoto sheria.

Kwa mfano 72/108. Zote shufwa, 36/54. Bado shufwa, 18/27. Sasa 1+8 = 9 na 2+7 = 9, kwahiyo gawa kwa 9, 2/3. Kwisha. Kama mtoto hakuona 9 akagawa kwa 3 akapata 6/9 afu tena kwa 3 akapata 2/3 ni sawa kabisa, hakuna sehemu imeandikwa lazima ufike kwa hatua moja, mradi usisimame njiani kwenye 6/9.

Hatua ya 3: angalia TOFAUTI (hapa ndo penyewe)

Umeshaondoa vya wazi na bado huna uhakika. 51/68. 51 ni witiri kwahiyo 2 haipo. 5 haipo. 3 inaingia 51 lakini 6+8 ni 14, haiingii 68. Hapa ndo wengi wanaandika "51/68 haiwezekani" na wanakosa.

Toa ndogo kwenye kubwa: 68 − 51 = 17.

Sasa sikiliza kwa makini. Kigawo chochote kinachoingia juu na chini LAZIMA kiingie pia kwenye hiyo tofauti. Hakuna namna kitakwepa. Kwanini? Rudi kwenye sado. Ukiwa na fungu la mahindi linalojaza sado kamili kamili bila kubaki, na fungu lingine dogo nalo linajaza sado kamili kamili, ukitoa dogo kwenye kubwa kinachobaki nacho kitajaza sado kamili kamili, haiwezekani ibaki nusu sado imetokea wapi. Kwahiyo badala ya kuhangaika na 51 na 68 unaangalia 17 peke yake. 17 ni namba tasa, inagawanyika kwa 1 na 17 tu. Maana yake jibu la swali "kigawo kikubwa ni kipi" ni 1 au 17, hamna kingine duniani. Jaribu 17: 17 × 3 = 51, 17 × 4 = 68. Jibu 3/4.

Ona ilivyokuwa rahisi. Hatujabahatisha 7, 11, 13, tumeambiwa na namba zenyewe.

Nyingine, 91/117. Tofauti ni 26. Vigawo vya 26 ni 1, 2, 13 na 26. 91 ni witiri kwahiyo 2 na 26 zinatoka nje, imebaki 13 au 1. 13 × 7 = 91, 13 × 9 = 117. Jibu 7/9. Hii 91 inawadanganya watu wazima kabisa wanaona kama namba tasa, kumbe ni 7 mara 13.

84/126: tofauti 42, na 42 yenyewe inaingia 84 mara 2 na 126 mara 3, kwahiyo kwa pigo moja ni 2/3. Tofauti ikiingia moja kwa moja kwenye ile namba ndogo ujue umeshapata KKS hapohapo.

Na hii njia inakuambia pia wakati wa KUACHA, ambayo ndo shida niliyoanza nayo:

Tofauti ikiwa 1, kama 35/36, simama, imeshaisha, hakuna kinachoingia kwenye 1 zaidi ya 1 yenyewe. Sehemu yoyote ya namba mbili zinazofuatana ipo kwenye hali rahisi tayari, iwe 8/9 au 1,999/2,000.

Tofauti ikiwa 2 na namba ni witiri, kama 45/47, simama. Tofauti ikiwa namba tasa, jaribu hiyo tasa tu, ikiingia sawa, isipoingia umemaliza. 77/80 tofauti ni 3, 7+7 = 14 haigawanyiki kwa 3, basi 77/80 ndo jibu, andika hivyohivyo kwa kujiamini hata kama limekaa vibaya machoni.

Hatua ya 4: namba zikiwa kubwa au zikiachana sana

Kuna wakati tofauti inatoka kubwa. Mfano 29/87, tofauti 58, ambayo ni kubwa kuliko 29 yenyewe. Hamna shida, endelea kutoa: 58 − 29 = 29. Sasa zimebaki 29 na 29, zimelingana, basi KKS ni 29, sehemu ni 1/3. Lakini kutoa mara nyingi nyingi kunachosha, na kutoa mara nyingi ndo kugawa kwenyewe, kwahiyo fupisha: gawa kubwa kwa ndogo, chukua BAKI. Afu gawa ile ndogo kwa baki, chukua baki jipya. Endelea hivyo mpaka baki liwe sifuri. Namba ya mwisho uliyogawia ndo KKS yako.

Jaribu 34/187. 187 gawa kwa 34 inaingia mara 5, ambayo ni 170, baki 17. 34 gawa kwa 17 inaingia mara 2, baki 0. KKS ni 17. 34 gawa kwa 17 ni 2, 187 gawa kwa 17 ni 11, jibu 2/11.

Njia hii sio ya juzi, inajulikana kwa jina la Euclid, mtaalamu wa hesabu wa Alexandria kule Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, na mpaka leo inafundishwa kwa watu wanaoandika programu za kompyuta sababu mashine yenyewe ukiiambia itafute KKS inaweza kutumia hiihii. Sijaona kwanini mtoto wa la sita wa Majengo au Sakina anyimwe.

Tuipe mtihani wa kweli. Mlima Meru mara nyingi unaandikwa mita 4,566, Kilimanjaro mita 5,895. Meru ni sehemu gani ya Kilimanjaro? Yaani rahisisha 4,566/5,895.

5,895 toa 4,566 = 1,329.
4,566 gawa kwa 1,329 inaingia mara 3 (3,987), baki 579.
1,329 gawa kwa 579 mara 2 (1,158), baki 171.
579 gawa kwa 171 mara 3 (513), baki 66.
171 gawa kwa 66 mara 2 (132), baki 39.
66 toa 39 baki 27.
39 toa 27 baki 12.
27 gawa kwa 12 mara 2, baki 3.
12 gawa kwa 3 mara 4, baki 0.

KKS ni 3. Kwahiyo 4,566 gawa kwa 3 ni 1,522, na 5,895 gawa kwa 3 ni 1,965. Jibu 1,522/1,965, na hapo ndo mwisho, haishuki tena hata ukilia. Jibu baya la kutazama lakini ni sahihi, na huo ndo uzuri wa njia, inakupa uhakika hata jibu likiwa halipendezi. Anaetaka picha ya kichwani basi ajue ni zaidi kidogo ya robo tatu, ila hayo ni makadirio, sio kurahisisha.

Kwenye namba kama hizi unaweza kuanza na hatua ya 2, ukagundua mapema kwamba 3 inaingia zote mbili (4+5+6+6 = 21), ukapunguza namba ndo uendelee. Mi mwenyewe ndo ningefanya hivyo, hapo juu nimeonyesha ndefu makusudi muone mashine inavyozunguka.

Njia ya darasani, namba tasa

Mwalimu wa mtoto wako huenda anataka kuona njia ya kuvunja kwa namba tasa, na mtihani ukisema "onyesha njia" usianze ubishi, fanya anavyotaka. Ni hivi, 84 = 2 × 2 × 3 × 7, na 126 = 2 × 3 × 3 × 7. Angalia zinazoshirikiana kote: 2, 3 na 7. Zidisha, 42. Hiyo ndo KKS. Au unaziandika pembeni kwa pembeni, 84 na 126, unagawa zote kwa 2 zinakuwa 42 na 63, zote kwa 3 zinakuwa 14 na 21, zote kwa 7 zinakuwa 2 na 3, na hizo mbili za chini kabisa ndo sehemu yako tayari, 2/3. Kwenye kurahisisha ukikuta namba haiingii zote mbili huigusi, tofauti na unapotafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ambapo unagawa hata ikiingia moja tu, na watoto wanaochanganya hizi mbili ni wengi.

Ni njia nzuri kwa namba za kawaida. Ikija 299/391 utatafuta namba tasa mpaka chai ipoe, hapo rudi kwenye tofauti.

Hatua ya 5: hakiki, na kuna uhakiki wa aina mbili

Kwanza hakiki kwamba thamani haijabadilika. Zidisha kwa mshazari: 51/68 na 3/4, 51 × 4 = 204, 68 × 3 = 204. Zimelingana, safi. Au kwenye simu gawa 51 kwa 68 unapata 0.75, na 3 kwa 4 unapata 0.75.

Ila hiyo inakuambia tu hujaharibu, haikuambii umemaliza. 18/24 na 9/12 nazo ukizidisha mshazari zinalingana na 9/12 bado haijaisha. Kwahiyo hakiki ya pili ni kuangalia tofauti ya jibu lako. 9/12 tofauti 3, 3 inaingia zote, bado. 3/4 tofauti 1, mwisho. Sekunde tano tu. Mtihani wa kuchagua ukikosa hii utakuta jibu lako halipo kwenye A, B, C, D afu unaanza kurudia swali zima kumbe ulikuwa umebakiza kugawa kwa 3.

Makosa yanayorudiarudia

La kwanza na kubwa ni kukata TARAKIMU badala ya kugawa NAMBA. Mtoto anaona 16/64, anakata 6 ya juu na 6 ya chini anapata 1/4, na balaa ni kwamba jibu ni kweli 1/4! Basi anaamini amegundua njia. Ni bahati tu. Kwa sehemu za tarakimu mbili juu na mbili chini zilizo ndogo kuliko 1, ukikata tarakimu ya pili ya juu na ya kwanza ya chini zikiwa zinafanana, zinazotoa jibu sahihi ni nne tu: 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98. Zingine zote ni uongo. Mpe 13/39, akate 3, atapata 1/9, afu mwambie azidishe mshazari aone mwenyewe, maana ukweli ni 1/3.

La pili ni kukata kwenye kujumlisha. Akiona (2 + 6)/(2 + 10) anakata 2 na 2 anabaki na 6/10. Hapana, jumlisha kwanza, 8/12, ndo urahisishe, 2/3. Kukata ni kugawa, na kugawa kunataka juu iwe namba moja au vitu vinavyozidishana, sio vinavyojumlishana. Kijana akilielewa hili la saba atashukuru sana akifika fomu tuu kwenye aljebra.

La tatu dogo, sehemu mchanganyiko. 3 na 12/18 unarahisisha ile 12/18 tu inakuwa 2/3, jibu ni 3 na 2/3, ile 3 ya mbele haihusiki usiigawe. Na sehemu guni (ile ya juu ikiwa kubwa kuliko ya chini) kama 50/12, rahisisha kwanza iwe 25/6 ndo ubadilishe kuwa 4 na 1/6, namba zinakuwa ndogo na kugawa kunakuwa kwepesi. Asilimia na desimali ni hivyohivyo, 65% ni 65/100 ambayo ni 13/20, na 0.375 ni 375/1,000 ambayo ni 3/8.

Kwenye kuzidisha: rahisisha KABLA, sio baada

Hapa panaokoa muda kuliko sehemu zote. 14/15 × 25/28. Ukizidisha moja kwa moja unapata 350/420 ndo uanze kuhangaika. Badala yake angalia juu yoyote na chini yoyote, 14 na 28 zinashirikiana 14, zinakuwa 1 na 2. 25 na 15 zinashirikiana 5, zinakuwa 5 na 3. Imebaki 1/3 × 5/2 = 5/6. Juu na chini tu, kamwe sio juu na juu. Na kama alama ni ya kugawa, geuza sehemu ya pili kwanza ndo ukate, ukikata kabla ya kugeuza umeharibu.

Mfano wa kwetu. Mtaani ekari wengi wanaipima hatua 70 kwa 70. Mzee anakukatia kipande cha hatua 35 kwa 28, hiyo ni sehemu gani ya ekari? Wengine watakimbilia 980/4,900. Wewe andika (35 × 28)/(70 × 70), zote zinazidishana kwahiyo ruksa kukata, 35/70 ni 1/2, 28/70 ni 2/5, mara ni 2/10, yaani 1/5. Moja ya tano ya ekari, umemaliza ukiwa umesimama hapohapo shambani, na kama bei ya ekari unaijua basi na bei ya kipande umeshaijua kabla dalali hajafungua mdomo.

Kwenye kujumlisha na kutoa hakuna kukata njiani, fanya hesabu mpaka mwisho ndo urahisishe jibu: 1/6 + 1/10 = 5/30 + 3/30 = 8/30 = 4/15.

Mazoezi

Fanyeni bila simu: 65/91, 144/180, 58/87, 121/132, 143/221, 2 na 24/36, dakika 50 kati ya saa 3, 48/80 (ukitoka Moshi kwenda Arusha ni kama kilomita 80, umeshatembea 48, umekata sehemu gani ya safari), na ya mwisho ile 299/391.

Majibu kwa mpangilio huohuo: 5/7, 4/5, 2/3, 11/12, 11/17, 2 na 2/3, 5/18, 3/5, 13/17.

Waliokwama kwenye 143/221: tofauti ni 78, 143 toa 78 ni 65, 78 toa 65 ni 13, na 13 inaingia 65 mara 5 bila baki, kwahiyo KKS ni 13. Na 299/391: tofauti 92, 299 gawa kwa 92 mara 3 baki 23, 92 gawa kwa 23 mara 4 baki 0, KKS ni 23, na ndo mana 299 ni 23 × 13 na 391 ni 23 × 17. Aliyeandika "haiwezekani" kwenye hizi mbili arudi hatua ya 3.